Kamba ya kuvutia glaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapotaja kijiweni kwetu Tabata kwamba nilijifunza kurusha glaida nikiwa masomoni Ujerumani, watu hawaulizi habari za mabawa wala za upepo. Wanauliza kamba. "Hivi ile kamba ikikatika?" Swali hilo nimelijibu kwenye daladala, nimelijibu msibani, nimelijibu nikisubiri kivuko pale Feri. Sasa nimeona heri majibu yakae sehemu moja. Maswali nimeyaacha kama yalivyoulizwa, na kejeli zake.

Glaida ni nini, na kwa nini ivutwe?

Ni ndege ya mabawa marefu isiyo na injini. Ikiwa juu hushuka taratibu sana, na ikikuta hewa ya moto inayopanda, hupanda nayo kama mwewe. Shida yake ni kufika huko juu. Njia mojawapo ni kuifunga kwa kamba nyuma ya ndege ndogo yenye injini, zikapaa pamoja kwa mwendo wa kilomita 100 hadi 120 kwa saa. Zikifika kama mita 600, rubani wa glaida anaiachia kamba na kwenda zake. Mtindo huu ulianza Ujerumani mwaka 1927. Siku hizi zipo glaida zenye kiinjini cha kujipandisha, lakini hizo hazina kamba, kwa hiyo leo hazituhusu.

Nitaita moja ndege ya mbele na nyingine glaida, tusichanganyane.

Kamba ina urefu gani?

Kwa kawaida mita 50 hadi 60, yaani zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa Mkapa. Ikiwa fupi, kosa dogo la rubani wa nyuma linamfikia wa mbele papo hapo. Ikiwa ndefu mno, inameza uwanja na kunasa vitu.

Haya, sasa ikikatika?

Hapa ndipo penye utamu. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwenye glaida, pabovu tunapaweka wenyewe, kwa makusudi, na tunajua nguvu yake kwa namba.

Mwishoni mwa kamba, karibu na glaida, kuna kipande chembamba cha chuma chenye matundu, kimefungwa ndani ya kifuko kigumu. Mimi nakiita fyuzi, kwa sababu kazi yake ni ileile ya fyuzi ya nyumbani: kufa yeye ili kingine kipone. Mvuto ukizidi kiasi kilichopangwa, kinakatika kabla mabawa ya glaida au mkia wa ndege ya mbele havijaumia.

Fyuzi zinazotumika sana hutengenezwa na kampuni ya Tost ya Ujerumani, na hutambulika kwa rangi. Kijani hukatika kwenye mvuto wa takriban kilo 300, njano 400, nyeupe 500, bluu 600, nyekundu 750, kahawia 850 na nyeusi 1000. Rangi ya kutumia haichagui rubani, wala haichagui fundi aliyebakiwa na moja kabatini. Imeandikwa kwenye kitabu cha glaida husika. Ndani ya kifuko mara nyingi kuna vipande viwili: kimoja kina tundu la duara, cha pili tundu lake limerefushwa kidogo ili kisibebe mzigo mpaka mwenzake akatike. Hivyo kile cha akiba hakichoki bure.

Marekani wana sheria ya namba: kamba isiwe dhaifu kuliko asilimia 80 ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa glaida, wala isizidi mara mbili ya uzito huo. Glaida ya kilo 600, basi, kamba yake ikatikie kati ya kilo 480 na 1200. Ikiwa kamba ina nguvu kupita hapo, lazima kuwe na fyuzi mbili, moja kila upande, na ya ndege ya mbele iwe na nguvu zaidi kidogo kuliko ya glaida. Sababu? Ikatikie upande wa glaida, kamba ibaki na ndege ya mbele. Ikikatikia mbele, glaida inabaki na mkia wa mita 50 unaoning'inia, na huo mkia unapenda sana nyaya za umeme.

Kumbe kamba inavuta mzigo mkubwa hivyo?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Piga hesabu: glaida ya kilo 400, mwendo wa mita 30 kwa sekunde, zinapanda mita 3 kila sekunde. Mvuto kwenye kamba ni kama kilo 50 na ushei. Mfuko mmoja wa saruji. Wakati wa kuanza kukimbia ardhini unaongezeka kidogo, lakini bado uko mbali na kilo 600 za fyuzi ya bluu.

Kinachokata ni mshtuko. Kamba ikilegea halafu ikakaza ghafla, ule mfuko wa saruji unageuka lori zima. Nilishawahi kuliona hili hapahapa mjini, kwenye kilima cha Kimara. Noah ilikuwa imezimika, ikafungwa kwa kamba ya manila nyuma ya pikapu. Dereva wa pikapu akaondoka kwa pupa, kamba ikiwa bado imejikunja chini. Ilipokaza ililia kama bunduki, ikakatika, na ncha yake ikarudi ikavunja taa ya mbele ya Noah. Wakaifunga upya, kijana mmoja akasimamia kamba mpaka ikanyooka, ndipo pikapu ikasogea polepole. Walifika Mbezi na kamba ileile, fupi kidogo.

Sasa angani kamba inalegeaje, na kila mtu yuko kwenye mwendo?

Ndege ya mbele ikiingia kwenye hewa inayoshuka, au zikikata kona na glaida ikapita ndani zaidi, glaida inaikaribia na kamba inapinda kama upinde. Anayeanza hutaka kurekebisha mara moja. Asifanye hivyo. Anatakiwa kuupeleka mkia pembeni kidogo kwa kanyagio ili kamba ijikaze taratibu, na kabla haijakaza kabisa ashushe pua kidogo mwendo wake ulingane na wa mbele. Inakaza bila mshtuko, hata hujui imekaza saa ngapi.

Kamba ikirudi nyuma hadi inakaribia bawa, hapo hakuna maarifa tena. Achia.

Kwa nini msitumie waya wa chuma, usiokatika ovyo?

Waya haunyumbuki. Kamba ya nailoni au poliesta inanyumbuka kidogo, na huko kunyumbuka ndiko kunakomeza mshtuko mdogo kabla haujafika kwenye fyuzi.

Je, naweza kununua manila Kariakoo?

Swali hili niliulizwa na kaka mmoja mwenye duka la kamba huko huko Kariakoo, kwa hiyo nilijibu kwa adabu. Kamba nzuri zipo. Tatizo ni kwamba ile inayopimwa kwa mita na kukatwa kwa kisu cha moto haiji na karatasi ya kusema inakatikia kilo ngapi, na bila namba hiyo huwezi kupanga fyuzi. Tena "manila" ya Dar ni jina la kila kitu cha plastiki. Inaweza kuwa polipropilini, ile ya wavuvi inayoelea majini, ambayo jua huila upesi. Ukiiona imepauka na ukiipangusa inaacha unga mkononi, imekwisha, hata kama haijakatika uzi mmoja. Nailoni nayo ikilowa hupungukiwa nguvu kidogo, jambo la kukumbukwa kwenye mji wenye masika kama huu.

Wavuvi wa Feri hili hawahitaji kufundishwa. Mzee mmoja pale alinionyesha kamba ya nanga: akaifungua nyuzi kwa kuisokota kinyume, akanusa ndani, akasema, "Nje inakudanganya, mwanangu, ndani haijui kusema uongo." Nadhani ndio ukaguzi bora wa kamba niliowahi kuuona, na sikuuona uwanja wa ndege.

Mnakagua nini kila siku?

Urefu wote wa kamba, kwa mkono, mita kwa mita. Si kwa kuitazama ikiwa imerundikwa. Unatafuta mikwaruzo, nyuzi zilizochomoza, sehemu ngumu iliyoyeyuka kwa msuguano, na mafundo.

Mafundo nayaweka peke yake kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa. Ndege ya mbele ikitua na kamba nyuma, ncha inarukaruka kwenye nyasi na kujifunga yenyewe fundo la kawaida, lile la kamba ya kiatu kabla hujaweka kitanzi. Fundo dogo hivyo linaweza kupunguza nguvu ya kamba karibu nusu. Maana yake fyuzi uliyoichagua kwa hesabu haina kazi tena: kamba itakatikia kwenye fundo, mahali usipopajua, kwa nguvu usiyoijua. Pabovu pameshahama. Likionekana, linafunguliwa kabla halijavutwa hata mara moja. Likishakaza kiasi cha kutofunguka, kamba hiyo haipandi. Ndiyo maana vilevile kamba iliyokatika haiungwi kwa kufunga fundo katikati, inasukwa upya na anayejua kusuka, au inatupwa.

Kisha pete. Kila mwisho una pete mbili zilizoshikana kama za mnyororo, kubwa ya umbo la yai na ndogo ya duara. Ndogo ndiyo inayoingia kwenye kulabu ya glaida. Ikiwa imepinda, imechakaa upande mmoja au ina ufa, inaweza kung'ang'ania wakati wa kuachia. Kwa hewa ya chumvi ya pwani ningeongeza kutu, pamoja na mchanga ndani ya kulabu. Usipake grisi ovyo, maana grisi na mchanga huzaa msasa.

Nani anaifunga kamba, na anajuaje imeshika?

Mtu wa chini, kwa amri ya rubani. Kwanza anamwonyesha rubani pete na rangi ya fyuzi. Rubani akiridhika anasema "fungua," anavuta kishikio cha njano, pete inaingizwa, anasema "funga." Halafu wanajaribu: mtu wa chini anaivuta kamba kwa nguvu, rubani anaachia, wanaona inatoka. Ndipo wanaifunga tena kwa safari. Kishikio cha kuachia ni cha njano kwenye kila glaida, ili mkono usitafute.

Kuna kulabu ya puani na ya tumboni. Ya tumboni kwa kawaida hujiachia yenyewe kamba ikivutwa kuelekea nyuma. Kwa kuvutwa na ndege, ya puani ni bora ikiwa glaida inayo, kwa sababu inaifanya pua ifuate kamba. Ya tumboni inairuhusu glaida kuinuka ghafla, na tutaona ubaya wake hapa chini.

Umewahi kuumizwa na kamba?

Ndiyo, tena ardhini, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Mwezi wangu wa pili wa mafunzo nilitumwa kuleta ncha ya kamba kwenye glaida. Nyasi zilikuwa na umande, kamba ikawa inateleza, nikaizungusha mara moja kwenye kiganja ili ishike. Ndege ya mbele ikasogea kama hatua tatu tu, rubani akijiweka sawa. Kamba ikakaza, ikapita kwenye kiganja na kuondoka na ngozi. Hakuna aliyepiga kelele zaidi ya mimi. Mwalimu alikuja, akatazama mkono, akasema kitu kimoja: kamba haizungushwi mkononi, hairukwi ikiwa imelala, na hakuna kusimama ndani ya kitanzi chake. Kovu lipo, naliona kila nikishika usukani.

Kitu gani kinachoua zaidi kwenye kuvutwa huku?

Watu hutarajia niseme kamba kukatika. Sivyo. La kuogopwa zaidi ni kamba isiyokatika.

Fikiria kishada. Ukikivuta mbio kinapanda juu yako. Glaida nayo ikiachwa ipande juu ya ndege ya mbele, inageuka kishada: mvuto unaongezeka, ukiongezeka glaida inapanda zaidi, na kamba inaunyanyua mkia wa ndege ya mbele. Mkia ukienda juu, pua inaenda chini. Rubani wa mbele anavuta usukani wote tumboni na haitoshi. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ni sekunde chache, na zikiwa karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujirudisha. Rubani wa mbele ndiye hufa. Wa nyuma, aliyefanya kosa, mara nyingi hutua salama.

Na fyuzi? Mvuto unaotosha kuunyanyua mkia huo unaweza kuwa chini ya kiwango cha kuikata. Imekaa palepale, nzima, inatazama. Rubani wa mbele ana kishikio chake cha kuachia, lakini baadhi ya kulabu hukaza kamba ikivuta kwenda juu, na kwa sekunde mbili ni mkono gani unaowahi?

Kwa hiyo kinga iko mkononi mwa rubani wa nyuma. Kanuni ni moja na haina mjadala: usipoiona tena ndege ya mbele, achia papo hapo. Usisubiri irudi. Mimi nilifundishwa kuweka mkono karibu na kile kishikio cha njano mwanzo wote wa safari, hasa siku ya upepo wa kukurupuka. Ukiangalia ramani chini, ukifunga dirisha dogo, ukihangaika na mkanda, hizo ndizo sekunde zenyewe. Glaida nyepesi, kamba fupi na kulabu ya tumboni, vyote vikiwa pamoja, vinazidisha hatari.

Marubani wanazungumzaje, kama redio imekufa?

Kwa mwili wa ndege. Ndege ya mbele ikitikisa mabawa, maana yake achia sasa hivi, na si ombi. Ikitikisa mkia tu kushoto na kulia, inamwambia wa nyuma akague glaida yake, mara nyingi ni breki za hewa zimebaki wazi, vile vibao vinavyochomoza juu ya bawa. Kuchanganya ishara hizi mbili kumeshaleta ajali: mtu anaambiwa "breki zako" yeye anaachia kamba chini kabisa, breki zikiwa bado wazi, na glaida inashuka kama tofali. Ukiuliza wapi ningeweka muda zaidi darasani, ni hapa.

Glaida ikishindwa kuachia, inatoka upande wa kushoto ionekane, inatikisa mabawa. Wa mbele anaelewa, anaipeleka juu ya uwanja na kuachia upande wake. Zipo ndege za kuvuta zenye kisu cha kukata kamba ndani. Na kama pande zote mbili zimegoma, zinatua pamoja zikiwa zimefungwa. Inawezekana, na hufanyiwa mazoezi.

Kamba ikikatika chini chini, rubani anafanyaje?

Inategemea urefu wa kwenda juu. Walimu wengi huweka mpaka kwenye mita 60, kama jengo la ghorofa ishirini. Chini ya hapo anatua mbele yake, akikwepa kidogo kushoto au kulia. Juu ya hapo, kama upepo na uwanja vinaruhusu, anaweza kugeuka na kurudi. Mwanafunzi hutakiwa kutaja kwa sauti anapovuka urefu huo, ili uamuzi uwe umeshafanyika kabla ya tatizo. Kwanza kabisa anashusha pua apate mwendo. Kisha anavuta kishikio cha kuachia, mara mbili, hata kama haoni kamba, maana kipande kinaweza kuwa kinaning'inia chini yake.

Na ndege ya mbele inatua na kamba nyuma?

Wengine huiangusha uwanjani kwanza, wengine wana roda ya kuikunja ndani. Anayetua nayo lazima apite juu zaidi ya uzio na barabara, kwa sababu ncha yenye pete za chuma inaning'inia chini sana ya magurudumu yake. Kwa Dar, penye bodaboda hadi kwenye ukingo wa kila uwanja, ningesema iangushwe au ikunjwe.

Hapa Dar inawezekana?

Anga ya jiji ni ya ndege za Uwanja wa Julius Nyerere, na lolote linaanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa maoni yangu pwani yenyewe si mahali pake. Upepo wa bahari ukiingia mchana unaleta hewa ya ubaridi inayozima ile ya moto inayopanda. Mwewe wa Kigamboni wanalijua hilo. Bara, kwenye ukavu, ndiko ningeangalia.

Kamba ikistaafu mnaipeleka wapi?

Inakatwa vipande vifupi siku hiyohiyo, ili asije mtu akaiona nzima na kuirudisha kazini. Kimoja nilirudi nacho. Kipo nyuma ya nyumba, kimefungwa kati ya mwembe na nguzo, mama watoto anaanikia mashuka. Fundo lipo, ndiyo, na kila mgeni aliyesoma majibu haya huniuliza kwa nini.